Mvumo wa kabini, au watu waliolipia kelele kisha wakalipia kimya

Haya wasomaji wangu, leo tuweke siasa pembeni tuzungumzie kelele. Sio kelele za bungeni, hizo nitazirudia siku nyingine. Nazungumzia mvumo wa ekzosi ndani ya kabini ya pikapu, hasa zile pikapu kubwa za Kimarekani ambazo ukiziona kwenye sinema unadhani ni malori.

Hadithi yenyewe huwa hivi. Mmarekani ananunua pikapu yenye injini ya V8. Imetoka kiwandani na sauti ya upole, na yeye hakununua V8 ili ilie kama friji. Anakwenda kwa fundi, sailensa ya kiwandani inakatwa, inafungwa nyingine ya dukani. Anapoiwasha nje ya gereji mtaa mzima unajua kwamba kawasha. Raha tupu! Mwisho wa wiki anapakia familia, saa tatu za barabara kuu, na mwendo ukifika kilomita 110 kwa saa kabini yote inaanza kuvuma. Nje ya gari wala haisikiki hivyo. Ni sauti nzito ya noti moja, haipandi haishuki, inakaa nyuma ya macho na kubana masikio kama unapopanda Lushoto kwa basi. Akiongeza mafuta inapotea. Akipunguza inapotea. Akirudi kwenye mwendo wa safari, hiyo hapo tena. Kabla mwezi haujaisha jamaa anatafuta namna ya kuondoa sauti aliyoilipia mwenyewe.

Ni rahisi kumcheka. Lakini ukifuatilia historia ya huo mvumo unakutana na mambo ya ajabu: maprofesa wa Ujerumani wa karne ya 19, familia moja ya watengeneza bunduki ambayo kazi yake sisi Watanganyika tuliionja vibaya sana, sheria ya Marekani iliyoachwa yatima, na spika zinazodanganya. Kaa vizuri basi.

Kwanza tuelewane mvumo ni nini, maana hapo ndipo watu wengi wanapopoteza hela. Injini ya kawaida ya petroli hulipua mafuta katika kila silinda mara moja kwa kila mizunguko miwili. Silinda nane zinatoa milipuko minne kwa kila mzunguko mmoja. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida wa safari, hiyo ni milipuko 133 kila sekunde. Kila mlipuko unasukuma moshi kwenye bomba kama kofi. Makofi 133 kwa sekunde, yaliyopangwa sawasawa, sikio haliyasikii kama makofi tena. Linasikia noti moja ya besi. Sasa kabini ya gari nayo ni sanduku lenye vioo na mabati, na kila sanduku lina noti zake linazopenda kuitikia, kama vile ngoma iliyowekwa kona ya chumba inavyoguna yenyewe ukipiga ngoma nyingine. Noti ya ekzosi ikikutana na noti ya sanduku, unapata mvumo. Ndiyo maana unakuja kwenye mwendo fulani tu na kuondoka. Ukubwa wa kelele si hoja kabisa hapa. Kuna magari yenye ekzosi ya kupasua masikio ambayo ndani hayana mvumo hata kidogo.

Turudi mwanzo wa magari. Hataza ya sailensa ya injini inayotajwa sana ni ya mwaka 1897, ya Milton na Marshall Reeves wa Columbus, Indiana. Wakati huo magari yenyewe yalihesabika, farasi ndio walikuwa wenye barabara, na gari likipita na milio yake farasi walikimbia na mikokoteni ya watu. Kwa hiyo sailensa ilizaliwa kwa ajili ya farasi zaidi kuliko binadamu. Madereva hawakuipenda hata siku ya kwanza. Waliamini inanyonga injini, na kwa sailensa za zama zile walikuwa na haki kiasi fulani. Watengenezaji wakaanza kuweka kifaa cha kufungua njia ya mkato: unakanyaga pedali, moshi unapita pembeni ya sailensa, gari linanguruma na kupanda mlima. Miji mbalimbali ya Marekani ikapiga marufuku vifaa hivyo. Kwa maneno mengine, ugomvi wa mwenye gari anayetaka kusikika na jirani anayetaka kulala una umri sawa na gari lenyewe.

Hapa anaingia Hiram Percy Maxim. Jina la Maxim unalijua hata kama hujui kwamba unalijua. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza, ndiye aliyetengeneza mwaka 1884 bunduki ya kwanza inayojipakia risasi yenyewe kwa nguvu ya mlipuko uliopita, risasi kama 600 kwa dakika. Ndiyo silaha iliyobebwa na wakoloni Afrika nzima. Huku kwetu watu waliziita bunduki za namna hiyo bombomu, jina ambalo lenyewe ni mlio. Agosti 1905, pale Mahenge, wapiganaji wa Maji Maji walipoivamia boma ya Wajerumani, walikutana na bunduki za mashine, na maelfu walioamini risasi zitageuka maji wakakuta hazigeuki. Mzee Maxim hakuwepo Mahenge, wala sidhani kama aliwahi kulisikia jina hilo. Lakini bunduki yake ilimfikia yeye pia kwa njia nyingine: miaka ya kusimama karibu na silaha zikijaribiwa ilimharibu masikio, na uzeeni alikuwa kiziwi.

Mtoto wake alikwenda njia nyingine. Alihitimu chuo cha MIT mwaka 1886. Mwaka 1892, akifanya kazi katika kiwanda cha makombora mjini Lynn, Massachusetts, alichukua ganda tupu la risasi, akadondoshea tone la petroli, akatupia kiberiti kinachowaka. Lilivyolipuka akajua petroli inaweza kusukuma gari. Fikiria hilo: huyu bwana alijifunza injini ndani ya ganda la risasi. Miaka mitatu baadaye alikuwa Hartford, Connecticut, akitengenezea magari kampuni ya Pope. Akaendelea kusumbuliwa na swali moja, gesi moto inayotoka kwa kasi ndani ya bomba unaitulizaje isipige kelele? Jibu lake lilikuwa kuizungusha na kuipunguzia kasi kidogo kidogo ndani ya vyumba kabla haijatoka nje. Mwaka 1909 alipewa hataza ya kizuia sauti cha bunduki, na kanuni hiyohiyo ikatumika kwenye ekzosi za injini. Baba akaipa dunia mlio wa bombomu, mwana akatengeneza kofia ya kuufunika. Nadhani ndiyo familia pekee iliyokula pande zote mbili za kelele.

Lakini kupunguza kelele kwa ujumla na kuua noti moja ni kazi mbili tofauti, na hii ya pili ilikuwa imeshafanyiwa utafiti Ujerumani hata kabla ya gari kuwepo. Hapo inabidi turudi nyuma kidogo.

Ukiwa mtoto umepuliza mdomo wa chupa ya soda ukapata mlio, sivyo? Chupa tupu inatoa noti nzito, ukiijaza maji nusu noti inapanda. Hewa iliyo shingoni mwa chupa inafanya kazi kama uzito, na hewa iliyo tumboni inafanya kazi kama springi. Uzito na springi vikikutana vinacheza kwa mwendo mmoja tu. Mafundi wa zeze wa Dodoma wanajua bila kusoma fizikia kwamba kibuyu kikubwa na kidogo havitoi sauti moja. Vitruvius, msanifu wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika kuhusu vyungu vya shaba vilivyowekwa kwenye kumbi za michezo viitikie sauti za waigizaji. Aliyeligeuza jambo hilo kuwa hesabu ni Hermann von Helmholtz. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 kuhusu sauti na masikio alieleza vibuyu vya kioo na shaba, kila kimoja na ukubwa wake, vyenye tundu upande mmoja na chuchu ndogo ya kuingiza sikioni upande wa pili. Ukikivaa, husikii karibu chochote isipokuwa noti ya kibuyu hicho, na hiyo inalia kwa nguvu. Alikuwa anachambua muziki, si moshi. Lakini kitu kinachoimeza noti moja na kuziacha nyingine, ukikibandika ubavuni mwa bomba, kinaimeza noti hiyo isifike mwisho wa bomba.

Miaka mitatu baadaye, 1866, mwenzake Georg Quincke akaonyesha njia nyingine. Mwingereza John Herschel alikuwa ameipendekeza mwaka 1833: igawe sauti njia mbili, moja ndefu kuliko nyingine, kisha zikutanishe. Urefu ukiwa sawasawa, wimbi moja litafika likiwa linapanda wakati jingine linashuka, na yatafutana. Quincke alifanya hivyo kwa mirija na ikawa kweli. Sauti pamoja na sauti, jibu kimya. Mimi mpaka leo naona kama mazingaombwe.

Kwa hiyo kufikia mwaka ule wa ndugu wawili wa Reeves, dunia ilikuwa na dawa mbili za noti moja, nazo zilikuwa zimelala vitabuni. Viwanda vya magari vilizichukua taratibu. Ukipasua sailensa ya kawaida ya kiwandani utakuta vyumba, mirija iliyopindana, na mara nyingi chumba kimoja kilichofungwa ambacho moshi hauna sababu ya kupita. Mtu asiyejua atasema hicho chumba ni cha nini, kinajaza nafasi tu. Hicho ndicho kibuyu cha Helmholtz. Kimepimwa kwa ajili ya injini ile, bomba lile na kabini ile. Na hapo ndipo penye kiini cha tatizo la jamaa yetu. Fundi alipokata sailensa aliondoa kelele iliyozuiwa pamoja na kibuyu kilichokuwa kikimeza noti moja kwa niaba yake tangu siku ya kwanza, bila yeye kujua kama kipo.

Sailensa za kubadilisha zilizopata umaarufu Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, enzi za vijana wa California na magari yao ya kukarabati, hazikuwa na vibuyu. Ilikuwa bomba lililotobolewa matundu, limezungushiwa nyuzi za kioo, likavikwa ganda la bati. Moshi unapita moja kwa moja. Nyuzi zinafyonza milio mikali ya juu vizuri sana, zinabakisha besi, na hiyo besi ndiyo sauti ambayo kijana aliitaka. Lakini ni besi hiyohiyo inayotengeneza mvumo. Nyuzi haziwezi kuikamata kwa sababu ya urefu wa wimbi lake. Noti ya mitetemo 133 kwa sekunde, katika hewa ya kawaida, wimbi lake lina urefu wa mita 2.6 hivi. Ili kitambaa au sponji ilifyonze vizuri inahitaji unene unaokaribia robo ya wimbi, yaani sentimita 64. Sasa nenda kaweke godoro la sentimita 64 kwenye sakafu ya gari uone kama utapata pa kukaa. Ndiyo maana watu wanaonunua mikeka ya kuzuia sauti na kuibandika kila mahali wanaishia na gari zito zaidi, tulivu kwa milio ya matairi na upepo, na mvumo uleule. Mikeka mizito ya lami inasaidia pale tu ambapo bati lenyewe linatetemeka. Wengine walikuta sababu ni ndogo zaidi: bomba jipya linagusa fremu, au mpira wa kuning'iniza umekaza, na mtetemo unapanda moja kwa moja mwilini mwa gari. Hapo fundi anahitaji dakika kumi tu.

Magari ya vijana wale yalikuwa ya mbio na ya Jumamosi jioni. Mtu akivumilia mvumo nusu saa si kitu. Kilichobadilika ni pikapu. Zamani ilikuwa chombo cha shamba, kiti kimoja kirefu, watu wawili watatu na mbwa. Tangu mwaka 1977 pikapu za F za Ford ndizo zimeongoza kwa mauzo kati ya pikapu zote Marekani, na njiani humo pikapu ikawa gari la familia: milango minne, viti vya nyuma, kiti cha mtoto. Kabini ikarefuka. Na sanduku likirefuka noti yake ya chini inashuka. Kabini yenye mita 2.6 kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma inaitikia kwenye mitetemo kama 66 kwa sekunde, na tena kwenye mara mbili yake, 132. Linganisha na ile 133 yetu ya mizunguko 2,000. Huo si mkosi wa mtu mmoja.

Hebu chukua karai la maji ulitikise taratibu. Kingoni maji yanapanda na kushuka, katikati yametulia. Noti ya chini ya kabini inafanya hivyohivyo: mgandamizo wa hewa ni mkubwa kwenye vioo viwili na mdogo katikati. Kwenye pikapu ya milango minne dereva amekaa karibu na katikati. Aliyekaa na kichwa karibu kabisa na kioo cha nyuma ni mtoto. Kwa hiyo baba anaweza kusema kwa dhati kabisa kwamba mbona si mbaya, huku mwanawe nyuma analalamika kichwa kinauma na kuambiwa ana deko. Hili jambo peke yake linatosha kunifanya niandike makala yote haya.

Na sheria? Mwaka 1972 Marekani ilipitisha Sheria ya Kudhibiti Kelele, na shirika la mazingira la serikali likawa na ofisi nzima ya kushughulikia kelele nchini. Miaka ya 1981 na 1982, enzi za Reagan, ofisi hiyo ilinyimwa bajeti ikafungwa. Sheria haikufutwa. Ilibaki vitabuni bila mtu wa kuitekeleza, na majimbo yakaachiwa yajitafutie. California kwa mfano iliweka kikomo cha desibeli 95 kwa ekzosi za magari madogo, kipimo kikichukuliwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba.

Tatizo ni kipimo chenyewe. Desibeli za kisheria karibu zote hupimwa kwa mizani iitwayo A, iliyowekwa kuwa kiwango Marekani mwaka 1936 kutokana na utafiti wa jinsi sikio linavyosikia sauti za upole. Sikio halisikii besi vizuri sauti ikiwa ndogo, kwa hiyo mizani ya A inakata besi. Kwenye mitetemo 100 kwa sekunde inapunguza desibeli 19. Kwenye 50 inapunguza 30. Ukiwa na mvumo wa desibeli 90 kabinini kwenye mitetemo 100, mashine itakuandikia 71, kiasi cha mazungumzo ya sauti ya juu mezani. Mtu anatoka na cheti kwamba gari lake halina shida, na kichwa kinamgonga. Sidai kwamba kuna njama. Mizani hiyo iliwekwa kwa kazi nyingine, ikazoeleka, na hakuna aliyekuwa na bajeti ya kuuliza tena.

Wakati huo viwanda vilikuwa vinajitafutia mvumo mpya kwa mikono yao. Mafuta yalipopanda bei, wahandisi waliona V8 ya pikapu ikitembea bila mzigo haihitaji silinda zote nane. Chevrolet Silverado ya 2007 ilikuwa na injini za V8 zinazozima silinda nne kwenye mwendo wa utulivu. Mafuta yanapungua, lakini milipuko nayo inapungua nusu, na noti inashuka nusu. Mizunguko 2,000 kwa silinda nne inatoa milipuko 67 kwa sekunde, karibu kabisa na noti ya chini ya kabini ya familia. Anayetoboa ekzosi ya gari kama hilo anafungua mlango wa noti mbili badala ya moja.

Dawa ya kiwandani ilikuwa wazo la zamani tena. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza Marekani mwaka 1936 ya kuua sauti kwa sauti: maikrofoni inasikia wimbi, spika inatoa wimbi lililopinduliwa. Ni Quincke, isipokuwa umeme umechukua nafasi ya mrija. Vifaa vya zama zake havikuiweza kazi hiyo. Harry Olson na Everett May wa kampuni ya RCA walijaribu tena mwaka 1953 kwa ajili ya viti vya ndege na magari, nao wakaishia maabara. Mwaka 1978 Amar Bose, akiwa kwenye ndege kutoka Zürich kwenda Boston, alichukizwa na mngurumo uliofunika muziki kwenye hedifoni alizopewa, akaanza kupiga hesabu kabla hajatua. Nissan iliweka mfumo wa namna hiyo kwenye Bluebird ya Japani mwaka 1992. Honda ikafuata na Inspire ya 2003, V6 iliyozima silinda tatu, ambapo spika za redio zilikuwa na kazi ya pili ya kufuta mvumo. General Motors nayo ikautumia.

Mfumo huu unafanya kazi vizuri kwa besi, na ndiyo maana magari mengi ya sasa yanatulia hivyo. Ila umepimwa kwa ekzosi iliyotoka nayo kiwandani. Badilisha ekzosi, na spika zinaendelea kutoa wimbi la kupinga noti isiyokuwepo au iliyobadilika nguvu. Wapo wenye pikapu waliokuta mvumo wao nusu yake unatoka kwenye spika. Wakachomoa waya, ukapungua.

Kisha mambo yakageuka kichekesho. Januari 2015 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba Ford Mustang na pikapu ya F-150 zenye injini ndogo za turbo zilikuwa zinaongezewa mngurumo kabinini kwa ufundi wa sauti, kwa sababu wateja waliona injini mpya ziko kimya mno. Maikrofoni na spika zilezile! Mkono mmoja unafuta noti usiyoipenda, mkono wa pili unakupikia unayoipenda. Wengi walikasirika, wakasema wamedanganywa. Mimi sioni udanganyifu mkubwa kuliko wa yule aliyeambiwa kwamba sailensa ya dukani ni ya "sauti tu" na haitagusa kitu kingine.

Anayebaki na pikapu yake, ekzosi ya dukani na mvumo, ana njia inayofanya kazi bila kurudi kwenye sailensa ya zamani, na ni ya bei ya bomba na kulehemu. Wamarekani wanaiita kwa herufi J kutokana na umbo lake. Ni kipande cha bomba kilichozibwa mwisho, kinachomea ubavuni mwa ekzosi kama tawi. Wimbi linaingia, linagonga mwisho, linarudi. Urefu wa tawi ukiwa robo ya wimbi, linarudi likiwa kinyume kabisa na linalopita, na noti inajifuta. Unahitaji kujua vitu viwili. Cha kwanza ni mizunguko ambayo mvumo unatokea, usome kwenye dashibodi. Kwa V8 zidisha kwa nne, gawa kwa 60. Kama mvumo ni kwenye 2,000 unapata 133. Cha pili ni kasi ya sauti ndani ya bomba, na hapa wengi hukosea kwa kutumia mita 343 kwa sekunde za hewa ya nyuzi 20. Moshi ni moto, na sauti hukimbia zaidi kwenye joto. Kwenye nyuzi 300 ni kama mita 480. Robo ya wimbi inakuwa sentimita 90, wakati hesabu ya hewa baridi ingekupa 64, na hizo 64 zingeua noti ambayo huna. Moshi wa kwenye tawi lililozibwa haupiti, kwa hiyo unapoa kuliko wa bomba kuu, na urefu wa kweli unaangukia katikati. Kwenye nyuzi 200 ni sentimita 82. Mafundi wenye akili hulehemu ncha mwishoni kabisa. Kwanza wanaacha kifuniko kinachoteleza ndani ya tawi, wanakwenda barabarani, wanasogeza sentimita mbili, wanakwenda tena, mpaka mtu aliyekaa kiti cha nyuma aseme umeondoka.